Mashine Haijazinduliwa

Jumatano ya tarehe tisa Februari, mwaka 2022, ndiyo siku mambo yote yalipoharibika, na Yuma hataki kusikia mtu akimtajia siku nyingine. Wako wanaosema yaliharibika mapema zaidi, mkewe Mwasiti alipoanza kukohoa na bado akawa anashinda sokoni Birere na beseni lake la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kana kwamba kile kifua kilikuwa cha jirani. Wako wanaosema yaliharibika siku ya mazishi, maana kabla ya hapo mtu bado ana Mungu. Sheikhe wa msikiti wao alimwambia siku ya mja imekwisha kuandikwa. Yuma akamjibu palepale, mbele ya watu waliokuja kumpa pole, kwamba kama iliandikwa, basi aliyeishika kalamu alikuwa amevaa tai, na ofisi yake yeye Yuma anaijua.

Jumatano hiyo asubuhi alikuwa ameingia Goma kutoka mji wa Kiwanja, lori lake la Fuso limejaa maharage. Hata turubai hajalifungua, simu ikalia. Alikuwa Shakila, binti yao mkubwa.

"Papa, mama hawezi tena kulalia upande wa kushoto. Amekaa tu, lakini anapumua kama mutu anakimbia."

Yuma aliwaachia wenye mali washushe magunia yao wenyewe, tena kwa haraka, huku akiwafokea kama wezi. Akaenda na lori lilelile mpaka nyumbani, akambeba Mwasiti, akampandisha mbele. Mwasiti alikuwa na joto la kuchoma mkono. Bado akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni.

"Papa Shakila, miaka yote nakuomba unitembeze na hii camion. Leo ndiyo umekumbuka?"

"Nyamaza, utamaliza pumzi."

"Pumzi ni yangu. Wewe endesha."

Hospitalini walipokewa na Dokta Prodige, kijana mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyejua kitanda chake kina shuka la rangi gani. Yuma hakumpenda tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko matairi ya lori lake. Lakini alifanya kazi. Aligongagonga mgongo wa Mwasiti kwa vidole, kama mtu anayepima pipa limejaa mpaka wapi. Juu palilia kitupu. Chini palilia kizito.

"Kuna maji," alisema. "Yamekaa kati ya pafu na mbavu. Ndiyo yanamubana."

Alimchoma sindano ndefu ubavuni, akavuta. Maji yakatoka, rangi ya chai ya rangi, mepesi, wala hayanuki. Yuma alifurahi kuyaona. Alidhani ubaya wote wa ulimwengu unanuka.

"Hayo si mabaya?" aliuliza.

Dokta Prodige aliyainua kwenye dirisha, akayazungusha. "Hapo ndipo shida iko, papa. Huku kwetu maji kama haya, mara nyingi ni TB. Ikiwa ni TB, mama atakunywa dawa zake, maji yatakauka polepole, hakuna haja ya kumutoboa. Lakini inaweza kuwa ni vijidudu vingine, vile vya usaha, vimeingia sasa hivi. Hivyo havingoji. Ikiwa ni hivyo, tunapaswa kumuweka mpira ubavuni leo na kumupa sindano kali, maji yatoke yote kabla hayajaganda."

"Sasa ni yapi?"

"Kwa macho, yote mawili yanafanana."

Jambo hilo Yuma alilielewa haraka kuliko alivyotaka. Ameendesha lori maisha yake yote. Anajua jinsi mazuti safi, dizeli ya lori, na mazuti iliyochanganywa na mafuta ya taa vinavyofanana ndani ya kidumu. Unanunua, unalipa, unashukuru, na ukifika kwenye mlima injini inaanza kukohoa na wewe umekwisha. Basi akauliza swali la dereva. "Hakuna chombo cha kupimia?"

Dokta Prodige akamtazama mwanamke aliyekuwa amekuja kuchukua chupa. Jina lake lilikuwa Joviale, wa maabara, mwenye glavu mikononi na kitenge kipya chini ya koti jeupe.

"Kipo," alisema Joviale. Kisha akaonekana kama anatamani kulimeza neno lake.

Alimweleza wakiwa wanatembea kwenye korido, kwa sauti ya chini. Mwili ukivamiwa na vijidudu hutoa kitu fulani kama onyo, kitu hicho huingia mpaka ndani ya yale maji. Jicho halikioni. Mashine inakisoma, tena kwa muda ambao mtu anakunywa chai. Kikiwa kidogo, dokta anaweza kwenda na TB. Kikiwa kingi sana, hakuna kubishana, mgonjwa anawekwa mpira. Mashine ya namna hiyo, kwa anavyojua yeye, mjini ilikuwa hiyo moja. Ililetwa na wafadhili kabla ya sikukuu za mwaka mpya.

Akamwonyesha. Ilikuwa nyuma ya mlango wa kioo, katika chumba kilichopakwa rangi upya. Mashine ndogo tu, si kubwa kuliko redio ya zamani, juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Ilikuwa bado imevaa nailoni yake. Kutoka ukuta mpaka ukuta, mbele ya meza, ulipita utepe mwekundu wenye fundo la ua katikati. Na ukutani kulikuwa na jiwe la marumaru lililofunikwa kwa shela, mithili ya bibi harusi.

"Sasa fungua," alisema Yuma.

"Papa, haijazinduliwa."

"Haijafanya nini?"

"Haijazinduliwa. Mheshimiwa kutoka serikalini anakuja lundi, Jumatatu hii, kukata utepe. Mbele ya hapo hatugusi."

Yuma alidhani ni utani wa hospitali, kwani kila kazi ina utani wake. Alipoona Joviale hacheki, alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya Mkurugenzi, na viatu vyenye vumbi la Kiwanja, akaingia bila kubisha.

Mkurugenzi alikuwa mtu mpole. Hilo ndilo linalomuuma Yuma mpaka leo. Angekuwa mkali, angalau mtu angepata pa kumshika. Alimpa kiti, akamwita papa, akampa pole.

"Naelewa uchungu wako, papa. Lakini kitu cha serikali kina utaratibu wake. Wafadhili wanataka picha, Mheshimiwa anataka kukuta chombo kipya. Tukitumia leo, lundi tutazindua nini?"

"Mutazindua mashine iliyokwisha kuponya mutu mumoja."

"Si vile unafikiri, papa."

"Miye sikusoma. Nieleze basi vile iko."

Mkurugenzi alitabasamu kwa huruma, akasema lundi haiko mbali. Maji ya mama yawekwe kwenye frigo la barafu, hayataharibika. Siku ya lundi yatakuwa ya kwanza kabisa kupimwa.

"Ya kwanza kabisa," Joviale naye alimhakikishia, amesimama mlangoni. "Nakuahidia, papa."

Wafanyabiashara wa njia ya Kiwanja wana kawaida yao. Magunia yote yanafanana, kwa hiyo kila mwenye mali huchana ukanda wa kitenge chake akafunga kwenye mdomo wa gunia, na lori likifika Birere hakuna ugomvi, kila mmoja anaenda kwenye nguo yake. Yuma alirudi kitandani, akashika pindo la kitenge cha Mwasiti, kile cha kijani chenye ndege wa njano, akachana ukanda mwembamba.

"Unanivua mbele ya dokta?" Mwasiti alisema.

"Naweka alama kwa mzigo wako. Hawa wasikuchanganye na batu bengine."

Akaufunga kwenye shingo ya kile kichupa cha maji, fundo la gunia, lile lisilofunguka kwa kuvutwa. Joviale akakipeleka kwenye barafu. Dokta Prodige, kwa kuwa hakuwa na cha kumwambia ukweli, akachagua kile kinachotokea mara nyingi. Akaandika dawa za TB. Mkono wake ulisita, Yuma aliuona ukisita. Kisha ukaandika.

Ikafika lundi. Viti vilipangwa, wauguzi wakavaa vitenge vya sare, mpiga tarumbeta akajaribu tarumbeta yake nje ya wodi ya wagonjwa wa kifua, watu ambao hata kupuliza moto wa makaa hawakuweza. Mheshimiwa hakuja. Ilisemekana ndege. Wakasema atakuja katikati ya juma. Katikati ya juma ikasemekana kikao. Fundi akaitwa kusugua tarehe iliyochongwa kwenye marumaru, na sauti ya tupa yake ikasikika wodini asubuhi nzima, kwaa, kwaa, kama mtu anayekuna sufuria iliyoungua.

Mwasiti alikuwa anameza vidonge vyake na kuzidi kukonda. Homa haikushuka. Shakila alikaa naye, akimpikia uji kwenye jiko la uani pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, na kila Yuma alipoingia, mkewe aliuliza neno lilelile.

"Wamefungua mashine?"

"Bado."

"Basi nifunge utepe miye. Labda Mheshimiwa atakuja kunikata."

Shakila alicheka, kisha akatoka nje haraka. Yuma hakucheka. Alikwenda tena kwa Mkurugenzi, safari hii alibisha hodi, alivua kofia, aliomba kama mtu anayeomba mkate. Mkurugenzi alisema mikono yake imefungwa, ni watu wa protokole. Yuma akatazama ile mikono. Ilikuwa inachanganya sukari ndani ya kikombe.

Alimwendea Joviale. Alikuwa na ufunguo shingoni, kwenye kamba. Yuma aliuona, na Joviale akaona kwamba ameuona.

"Mama yangu, ingia peke yako. Nani atajua? Ondoa nailoni, pima, rudisha nailoni."

"Kuna karatasi ya gundi juu ya kifuniko, papa. Ikichanika hairudi. Nitafukuzwa. Niko na batoto."

"Miye pia niko na mutoto. Yuko uani anapika uji wa mutu anakufa."

Joviale alilia. Machozi yake hayakufungua mlango wowote.

Dokta Prodige alipomchoma Mwasiti sindano ya pili, hakikutoka kitu. Akabadilisha sindano, akachukua nene zaidi. Kikatoka kitu kizito, cha rangi ya maziwa yaliyoharibika, na safari hii kilinuka, wodi nzima ikageuza uso. Sasa hakuna aliyehitaji mashine. Mpira uliwekwa, sindano kali zikaletwa, watu wakakimbia korido nzima kwa bidii ambayo ingefaa sana Jumatano ile. Lakini usaha ulikuwa umeshajijengea vyumba ndani, mpira unatoa kidogo unaziba, na sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Mwasiti alimshika Yuma kidole kimoja tu, kile cha kati, akakivuta kana kwamba anataka kumwambia asogee. Yuma alisogea. Pumzi yake ikakatika hapo.

Walimzika siku hiyohiyo, kama desturi yao inavyotaka. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, na wachimbaji walipumzika mara nyingi.

Wakati Yuma bado yuko ndani ya matanga, mtu mmoja alikuja kutafuta lori la kubeba mahema na viti vya plastiki kutoka Birere. Kuna sherehe, alisema. Pa hospitali. Mheshimiwa amethibitisha. Hakujua anamwambia nani. Shakila alitaka kumfukuza, lakini Yuma alisimama akatafuta funguo za gari.

"Papa, utaenda kuwabebea viti?"

"Nataka kumwona yule aliyekuwa anangojewa. Nataka nijue ana miguu mingapi."

Alikuwa na miwili. Alishuka kwenye gari jeusi, mtu wa umri wa Yuma, mwenye mafua, anajipangusa pua kwa leso. Tarumbeta ikapigwa. Hotuba zikasomwa, ndefu, za Kifaransa, na kila mara jina la Mheshimiwa lilipotajwa wauguzi walipiga makofi matatu waliyofundishwa. Yuma alijipenyeza na wabeba viti mpaka kwenye mlango wa kioo. Hakuna aliyemzuia. Mtu mwenye kiti kichwani hupita popote.

Mkasi uliletwa juu ya mto. Utepe ukakatwa. Shela ikaondolewa, na kwenye jiwe tarehe mpya ilikaa ndani ya shimo la tarehe ya zamani. Ndipo Mkurugenzi akasema kwa furaha kwamba hawakuishia kwenye maneno, leo wataonyesha kazi, kwa maji ya mgonjwa wa kweli.

Joviale akasogea mezani. Alikuwa na kichupa tayari, ameshakitoa kwenye barafu, maji yameyeyuka. Yuma, kiti bado kiko kichwani, aliona shingoni mwa kichupa ukanda wa kijani, na juu yake nusu ya ndege wa njano.

Ahadi ni ahadi. Yalikuwa ya kwanza kabisa.

Joviale alivuta tone, akaliingiza. Aliinamisha kichwa, na watu wa kamera walidhani ni heshima. Mashine ikanguruma kidogo kama paka. Wakangoja. Mheshimiwa alipiga chafya. Kisha namba zikatokea, na Mkurugenzi akainama, akazisoma kwa sauti, akageukia wageni mikono wazi.

"Mheshimiwa, tazama! Alama iko juu, juu sana! Zamani tungesema TB, tungepoteza wakati. Lakini leo tunajua: maji haya yana vijidudu vya usaha. Mgonjwa huyu ataingizwa mpira leo hii, na ataokoka!"

Makofi. Si yale matatu ya kufundishwa, ya kweli haya. Watu walifurahi. Mheshimiwa mwenyewe alipiga makofi, leso mkononi.

Yuma alitupa kiti chini. Kilipasuka mguu.

"Ataokokea wapi?" alisema. "Huyo ni Mwasiti. Ni muke yangu. Huo ukanda nilifunga miye. Amekwisha kuoza!"

Walinzi wawili walimkamata mabega, lakini Mheshimiwa aliinua leso, wakasimama hapo wakiwa wamemshikilia.

"Anasema nini huyu muzee?"

"Nasema mashine yenu imejua leo kile nilichoiuliza Jumatano ya tarehe tisa. Ilikuwa hapa. Maji yalikuwa hapa. Dokta alikuwa hapa. Mukasema haigusiwi mpaka wewe ufike. Sasa umefika. Utepe mumekwisha kuukata!"

Mheshimiwa alimgeukia Mkurugenzi. Wengi watasema alikuwa anaigiza kwa ajili ya kamera. Yuma, ambaye hana sababu ya kumtetea mkubwa yeyote, anasema hapana, yule mtu alishangaa kweli.

"Nani aliwaambia mashine ya wagonjwa inanisubiri mimi?"

Mkurugenzi akamtazama mtu wa protokole. Mtu wa protokole akamtazama Mkurugenzi. Joviale alitazama sakafu, Dokta Prodige alitazama dirisha. Wafadhili waliulizana kwa lugha yao kuna nini. Kisha mtu fulani nyuma akatoa ishara kwa kidole, na tarumbeta ikapiga, na Yuma akatolewa nje huku anakanyaga vipande vya utepe.

Viti hakuvirudisha. Aliviacha uani, vikanyeshewa, na kila aliyempigia simu alimwambia aviombe kwa Mheshimiwa.

Tangu hapo amekwishawazungukia wote. Mkurugenzi alimwambia ni protokole. Watu wa protokole wakamwambia wao kazi yao ni wageni na viti, mambo ya mashine ni ya hospitali. Joviale alimwambia kwamba ufunguo alikuwa nao, ndiyo, ila hakuna aliyemwambia tumia. Dokta Prodige alikuja nyumbani, akasimama uani bila kukaribishwa, na huyo peke yake ndiye aliyelia bila kujitetea.

"Papa Yuma, nimetafuta sana. Hakuna mutu alikataza. Hata barua haiko. Ni desturi tu."

"Desturi iko na mikono? Ule mulango ulifungwa na mukono wa nani?"

Kijana alitazama mikono yake mwenyewe. Yuma hakumpa kiti. Baadaye Shakila alimlaumu, akasema yule naye anaumia. Yuma alisema aumie, ana kifua kizima cha kuumia nacho.

Walimshauri aandike malalamiko. Yeye alisoma mpaka darasa la tatu, na maneno makubwa humponyoka. Lakini kuna mahali dereva anaandika bila kuomba ruhusa ya mtu. Alikwenda kwa mchora magari wa Birere, yule anayewaandikia wenzake sifa za Mungu na shukrani kwa mama zao, akamwambia afute kila kitu nyuma ya Fuso, aandike maneno mawili, makubwa, mekundu kama ule utepe.

"Haya maneno yatakuletea shida, muzee," mchoraji alisema.

"Shida nilishaletewa. Andika."

Siku ya kwanza kupita nayo, kwenye kizuizi kabla ya Kibati, polisi mmoja alizunguka lori, akasoma maandishi ya nyuma, akarudi polepole mpaka dirishani. Kamba ilikuwa bado imekatiza barabara.

"Nani alikataza nini, muzee?"

Yuma akazima injini. Akamwambia yote, tangu Jumatano: maji, mashine, utepe, ukanda wa kitenge, makofi. Nyuma yake magari yalijipanga, honi zikaanza, wenye haraka wakatukana. Polisi hakuwasikiliza. Alikuwa ameegemeza kiwiko dirishani, mkono mwingine umeshika ile kamba, na Yuma alipomaliza hakuilegeza, kama mtu anayejua hadithi haijafika mwisho.

"Sasa, muzee," alisema, "nani alikataza?"